MP4 Ni Gunia Tu

Chukua video iliyorekodiwa kwa iPhone, ambayo jina lake linaishia na .MOV, kisha futa herufi hizo uandike .MP4. Jina limebadilika, lakini ndani ya faili hakijaguswa kitu. Wengi hufanya hivyo tovuti inapokataa video yao, halafu wanashangaa ikikataliwa tena.

MP4, MOV na MKV ni magunia tu. Ndani yake mna picha na sauti, kila kimoja kimebanwa kwa mtindo wake, na mtindo huo wa kubana ndio kodeki. Gunia lilelile la MP4 linaweza kubeba H.264, kodeki ya mwaka 2003 inayosomwa na karibu kila simu iliyopo mtaani, au HEVC ya mwaka 2013, inayobana zaidi lakini isiyoeleweka kila mahali. Tangu 2017 iPhone nyingi hurekodi kwa HEVC zisipoelekezwa vingine, na ndiyo maana video ya shangazi inaweza kutoa sauti bila picha kwenye kompyuta ya zamani.

Bila kubana hakuna video mtandaoni. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikipewa baiti 3, ina takriban MB 6.2. Fremu 25 kwa sekunde, dakika moja tu imeshapita GB 9. Bando gani litahimili? YouTube hupendekeza biti milioni 8 kwa sekunde kwa video ya ukubwa huo, yaani kama MB 60 kwa dakika. Kwa kila MB inayobaki, zaidi ya 150 zimeondolewa.

Zinaondolewa kwa ujanja. Jicho letu ni hodari kwa mwanga na giza kuliko kwa rangi, basi vipimo vya rangi hupunguzwa hadi robo. Picha hukatwa vipande vya mraba, na kila kipande hupitishwa kwenye hesabu za ukoo wa ile ambayo Nasir Ahmed na wenzake waliichapisha mwaka 1974. Vijichembe ambavyo jicho halihangaiki navyo hutupwa. Lakini akiba kubwa inatokana na kutorudia. Fremu chache huhifadhiwa nzima. Kwa nyingine huandikwa mabadiliko tu, kwamba kipande hiki kimesogea kidogo kushoto, kile kimebaki palepale. Msomaji wa habari aliyeketi mbele ya ukuta hubanika kirahisi. Sasa nenda ukumbi wa harusi muziki umekolea, taa zinazunguka, wageni wanamtunza bi harusi kwa noti zinazopeperuka: karibu kila kipande kinabadilika, biti hazitoshi, na uso wa bi harusi unageuka vigae.

YouTube na Facebook huibana upya video yoyote utakayopakia. Ukiwapa iliyokwisha kubanwa vibaya, hasara inazaa hasara. Video iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa. Mwombe mpiga video akutumie faili lenyewe kama hati. Ukiwa unahariri, toa MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC, kwa idadi ileile ya fremu uliyorekodi, na usibanie biti. Kuikuza video ya 720 iwe 1080 hakurudishi kilichopotea, ni kumaliza MB tu.

Tovuti ikikataa MOV wakati kodeki ya ndani inakubalika, hamishia mzigo kwenye gunia jingine bila kuubana tena. ffmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huifanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Kompyuta ikikesha na feni inavuma, ujue unabana upya.

Wanaoweka video kwenye tovuti zao wenyewe wana jambo moja zaidi. MP4 ina faharasa inayoonyesha kila fremu ilipo, na kwa kawaida kamera huiandika mwishoni, kurekodi kukiisha. Simu ikizima ghafla katikati, faili huweza kugoma kufunguka ingawa picha zimo. Faharasa hiyo ikihamishiwa mwanzoni, mtazamaji huanza kuangalia bila kusubiri faili zima lishuke, na baadhi ya programu za kuhariri zina kisanduku cha kuweka tiki kwa kazi hiyo.