Mteremko Usio na Breki

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na kijia kinachoteremka chini ya Manga, kaunti ya Nyamira, kiling'aa kana kwamba kimepakwa mafuta. Mwendesha bodaboda alisimama juu kabisa, akaweka gia ya kwanza, kisha akamgeukia abiria wake, mama wa makamo aliyepakata ndizi.

“Mama, shuka tafadhali. Tukutane pale darajani. Hapa chini hakuna breki.”

“Sawa, mwanangu. Miguu yangu naiamini.”

Breki za pikipiki ile zilikuwa nzima. Lakini kijana yule hakukosea, na sayansi iko upande wake.

Tuanze na udongo. Udongo mwekundu wa Kisii na Nyamira umetokana na miamba ya kale ya volkano, na wataalamu huuita nitisoli. Shambani ni neema. Umeshikana katika vibonge vidogo vyenye vinyweleo, na mvua, ambayo sehemu nyingi za huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka, hupenya hadi kwenye mizizi ya chai na migomba. Njiani mambo ni mengine. Nyayo, kwato na magurudumu huvunja vibonge na kuushindilia udongo hadi maji yakose pa kupita. Yanabaki juu, yakilowesha chembe za mfinyanzi ambazo upana wake haufiki sehemu mbili za elfu za milimita. Chembe hizo ni bapa, na zikilowa huteleza moja juu ya nyingine. Chini yake udongo ungali mkavu na mgumu. Ndiyo maana manyunyu ya dakika chache yanaweza kumwangusha mtu hata kabla hajaona tope.

Sasa tupige hesabu. Kwenye lami kavu, tairi huweza kushika ardhi kwa kani inayokaribia saba ya kumi ya uzito unaoikandamiza. Kwenye mfinyanzi uliolowa, mshiko huo unaweza kushuka hadi mbili ya kumi. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa itahitaji kama mita 5 za lami tambarare kusimama tangu breki ziliposhika. Kwenye utelezi, tambarare vilevile, itahitaji mita 18. Ukiongeza mteremko unaoshuka mita 1 katika kila mita 10, umbali huo unafika mita 35. Na kabla ya hapo, katika ile sekunde moja ya kushtuka na kufikia breki, pikipiki imeshakula mita 8.

Mteremko ukizidi, ukashuka mita 2 katika kila mita 10, kani inayoivuta pikipiki chini inalingana na mshiko wote wa tairi. Hapo hakuna kinachobaki cha kuisimamisha. Breki zinaweza kuwa mpya kutoka dukani. Bado pikipiki itateremka. Vilima vya aina hiyo si vigeni kwetu, na mwendo wa kushuka huamuliwa ukiwa juu, kwa sababu ukishafika katikati hakuna uamuzi uliobaki.

Gia ya kwanza husaidia kwa njia yake. Dereva akiachia mafuta, injini huanza kuhangaika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa, na uzito huo hufika kwenye gurudumu la nyuma na kulizuia lisikimbie. Gurudumu linaendelea kuzunguka, na gurudumu linalozunguka huweza kuelekezwa. Likifungwa kabisa kwa breki huteleza kama sabuni, na la mbele likifungwa kwenye tope, mtu huwa chini kabla hajajua. Injini nayo haina uchawi, maana kani yake hupitia tairi lilelile. Kazi yake ni kutunza mwendo mdogo ulioanza nao. Anayeteremka akiwa ameweka free ili abane mafuta ameutupa msaada huo, na breki zake zitabeba kazi yote hadi zipate moto.

Na kwa nini mama alishushwa? Uzito wake haubadilishi sana umbali wa kusimama, ila hubadilisha usawa. Mtu akiketi nyuma, pikipiki hulemea juu, na kila mtikisiko wake dereva lazima auzuie kwa mikono. Pia mtu mmoja akianguka ni afadhali kuliko wawili.

Njia hizi si za pikipiki peke yake. Katika sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 957 kwa kila kilomita mraba na Nyamira 675. Kwa msongamano huo, kijia kimoja ni cha mchuma chai mwenye kikapu mgongoni, ng'ombe anayekwenda mtoni, na mtoto wa shule ambaye macho na ubongo wake havijakomaa kukadiria kasi ya kitu kinachomjia. Honi haimpi mtoto huyo uwezo huo. Mwendo wa miguu ndio unaompa nafasi. Katika njia za milimani za Marekani, madereva wa pikipiki na magari madogo hufundishwa kumpisha anayetembea kwa miguu, na anayeshuka kumpisha anayepanda. Nasi tunaihitaji desturi hiyo, tena kwetu ina sababu ya ziada: anayeshuka kwenye utelezi huenda asiweze kusimama, basi na asubiri juu.

Njia yenyewe pia huumia. Gurudumu lililofungwa huchora mfereji. Mvua inayofuata huufuata mfereji huo, hukusanya kasi, na kubeba udongo hadi mtoni. Baada ya misimu michache katikati ya njia pamekuwa korongo, na pikipiki zimehamia ukingoni, mahali pa waenda kwa miguu. Anayeshuka polepole anailinda njia aliyomo.

Sheria ya Kenya inamtaka mwendesha pikipiki abebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi linaloakisi mwanga. Kwenye vijia vyetu wengi huona hayo ni mambo ya barabara kuu. Lakini utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na jiwe la kijijini halina huruma kuliko lami.

Yule kijana hakuondoka mara moja. Wachumaji wawili walikuwa wanapanda, wameinama chini ya vikapu. Aliwasubiri, wakasalimiana, wakapita. Ndipo akaanza kushuka, miguu yote miwili ikigusa ukingo wa njia, kwa mwendo ambao mama aliyetembea nyuma yake aliumudu. Walifika darajani karibu pamoja. Mama alipangusa tope kwenye viatu kwa jani la mgomba, akapanda, akaweka ndizi zake mapajani.

Walikuwa wamechelewa kama dakika tatu.