Milima ya Korea na Mwalimu Mgeni

Korea Kusini ni nchi iliyojaa milima, lakini milima yenyewe si mirefu: ule unaoizidi yote, Hallasan, ambao ni volkano katika kisiwa cha Jeju, una kimo cha mita 1,947, chini kidogo ya theluthi ya Kilimanjaro. Ufupi huo, ambao huenda mpanda milima hodari akaudharau, ndio unaoiwezesha mingi kati yake kupandwa na kuteremkwa kwa siku moja, na ndio sababu walimu wengi wa kigeni wanaofanya kazi nchini humo huikimbilia kila Ijumaa jioni inapopita.

Wengi wa walimu hao hufundisha Kiingereza. Baadhi yao huajiriwa kupitia EPIK, mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 1995 ili kuwapeleka wasemaji wa Kiingereza katika shule za umma, na viza ya kawaida ya kazi hiyo hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, ambazo kati yake Afrika inawakilishwa na Afrika Kusini peke yake. Kiswahili nacho kina nafasi yake, kwani Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni kimekuwa kikikifundisha kwa miaka mingi. Lugha yoyote anayoifundisha, mwalimu mgeni hukabiliwa na upweke wa aina moja: darasani yeye ndiye mjuzi, ila akitoka nje ya mlango huwa kama bubu, kwa kuwa ofisini, sokoni na katika basi mambo yote huendeshwa kwa Kikorea.

Desturi ya kupanda milima mwishoni mwa juma, ambayo leo huonekana kama ya tangu jadi, imejengwa kwa kiasi kikubwa na maamuzi ya karibuni. Baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953 vilima vingi vilikuwa vipara kwa sababu ya ukataji wa kuni na uharibifu wa vita, hata serikali ikaanzisha mwaka 1973 mpango mkubwa wa kupanda miti, huku wananchi wakihamia kwenye makaa ya mawe kwa ajili ya kupashia nyumba joto. Juma la kazi la siku tano lilianza kuingizwa kwa awamu mwaka 2004, na ilipofika mwaka 2012 shule za umma ziliacha kabisa masomo ya Jumamosi; aidha, ada ya kuingia katika hifadhi za taifa ilifutwa mwaka 2007. Miti, muda na mlango usio na malipo: bila hivyo, mshahara wa mwalimu usingemfikisha mbali.

Mfano wa hayo ulio bora kuliko yote ni Bukhansan (neno *san* lina maana ya mlima), hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983, iliyoko kaskazini mwa jiji la Seoul, ambako mtu hushuka katika treni ya mjini na kuanza kupanda baada ya mwendo mfupi wa miguu. Kilele chake, Baegundae, kina mita 836, nacho ni mwamba mtupu wa itale, jiwe gumu linalotokana na uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi, hivyo sehemu ya mwisho hupandwa kwa kushika kamba za chuma zilizofungwa mwambani. Njia nyingine hufuata ukuta wa ngome iliyojengwa upya mwaka 1711. Huko mlimani mwalimu hugeuka mwanafunzi: wazee waliovaa mavazi maalumu ya kupandia milima humsalimu, humkatia tango au kumgawia *gimbap*, yaani wali uliovingirishwa ndani ya mwani mkavu, naye hulazimika kujibu kwa Kikorea cha heshima, kwa sababu lugha hiyo hubadili miisho ya vitenzi kulingana na umri na hadhi ya anayesemeshwa. Somo hilo halipatikani kwa urahisi katika vitabu, na kwa hakika ndilo faida kubwa kuliko mandhari yoyote.

Wenye nguvu zaidi huenda Seoraksan, mita 1,708, unaosifika kwa majani mekundu ya Oktoba, au Jirisan, hifadhi ya kwanza ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1967, ambako wasafiri wa siku mbili hulala katika vibanda vya mlimani walivyoviwekea nafasi mapema.

Hata hivyo ufupi wa milima usimhadae mtu. Mvua za mwisho wa Juni na Julai huifanya miamba iteleze, majira ya baridi huhitaji vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu, na njia nyingi hufungwa katika majira ya kuchipua na ya mapukutiko ili kuzuia moto wa misitu. Kwa hiyo mwalimu anayekwenda huko asome matangazo ya hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani, na akipatwa na ajali apige 119, namba ya waokoaji, kisha asome namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya njia iliyo karibu naye. Kwa namba hiyo waokoaji hutambua mahali alipo, hata kama yeye mwenyewe hawezi kupataja.