Mnyoo wa milimita moja anavyofichua siri za neva na uzee

GASENYI, BUJUMBURA

NDIZI iliyoiva kupita kiasi haina bei. Kwa mfanyabiashara anayeshusha mikungu Gasenyi, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, tunda likishalainika na kuanza kutoa maji ni hasara, na mahali pake ni jalalani. Lakini katika matunda yanayooza namna hiyo, sehemu nyingi za dunia, ndimo anamoishi mnyoo mmoja ambaye amewafundisha wanasayansi mambo mawili makubwa: jinsi neva zinavyojengeka katika kiumbe kichanga, na jinsi zinavyochakaa uzeeni.

Jina lake la kitaalamu ni Caenorhabditis elegans. Ana urefu wa milimita moja, mwili wake unapenyeza mwanga kama kioo, na chakula chake ni bakteria. Hana undugu wa karibu na uchafu wa tumboni unaomfanya mzazi apeleke mtoto zahanati. Ni wa jamii ileile ya minyoo ya mviringo, lakini haingii mwilini mwa mtu na hamdhuru mtu yeyote.

Habari zake zinawahusu wafanyabiashara wa mipakani kwa sababu mbili. Kwanza, utafiti uliofanywa juu yake hutumiwa kunadi vidonge vya "kurudisha ujana", vile vinavyouzwa kwa simu, kwa mkono na kwenye vibanda katika miji mingi ya kanda hii. Pili, mnyoo huyohuyo amesaidia kueleza namna inavyofanya kazi dawa moja inayogawiwa bure katika vijiji vya kando ya mito, Burundi, Tanzania, Uganda na Kongo. Vidonge vile havijathibitishwa kwa binadamu. Dawa hii imethibitishwa. Tofauti hiyo ina gharama, kwa mfuko na kwa afya.

Mtoto wa fundi viatu

Aliyempa mnyoo huyu umaarufu ni Mwafrika wa kuzaliwa. Sydney Brenner alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Germiston, Afrika Kusini. Baba yake alikuwa fundi viatu, mhamiaji kutoka Lithuania. Brenner alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, kisha akaenda Uingereza na kufanya kazi Cambridge.

Mwaka 1963 alipendekeza kutafutwa mnyama mdogo sana, mwenye seli chache zinazoweza kuhesabiwa moja moja, ili swali la jinsi ubongo na neva zinavyotengenezwa lipate mahali pa kuanzia. Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86. Hakuna awezaye kuzifuatilia zote. Mnyoo aliyemchagua Brenner ana seli za neva 302 tu.

Faida nyingine ni zile ambazo mfanyabiashara yeyote angezielewa: gharama ndogo na mzunguko wa haraka. Yai hufikia utu uzima kwa siku tatu hivi. Mnyoo mmoja, ambaye kwa kawaida hutengeneza mbegu za kiume na mayai ndani ya mwili mmoja, hupata watoto wapatao 300 bila kutafuta mwenzi. Huishi wiki mbili hadi tatu. Anafugwa katika kisahani, analishwa bakteria, na asipohitajika anaweza kugandishwa kwa baridi kali na kufufuliwa miaka mingi baadaye.

Brenner alianza kwa kuwatafuta minyoo waliotembea vibaya: waliojikunja, waliotetemeka, walioshindwa kurudi nyuma. Kila kasoro ya mwendo ilikuwa dalili kwamba jeni fulani limeharibika. Mwaka 1974 alichapisha matokeo yake, na kuanzia hapo maabara nyingi duniani zikamfuata.

Ramani ya neva zote

Mwenzake, John Sulston, alikaa kwenye darubini akiangalia yai likigawanyika na kufuatilia kila seli hadi mwisho wake. Mwaka 1983 orodha ilikamilika. Mnyoo aliyekomaa ana seli 959 za mwili, ukiondoa zile za uzazi. Njiani huzaliwa seli nyingine 131 ambazo hufa kwa mpangilio maalumu, nyingi kati yake zikiwa za neva. Robert Horvitz wa Marekani akaonyesha jeni zinazoamuru kifo hicho, na baadaye ikabainika kwamba binadamu naye ana jeni za aina hiyo. Funzo likawa kwamba neva hujengwa kwa kuongeza na kwa kupunguza pia. Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka 1986 ilitoka ramani ya kwanza ya neva zote za mnyama mmoja: seli 302 na maelfu ya maungio yake, ipi inaunganishwa na ipi. Kazi hiyo ilifanywa kwa kumkata mnyoo vipande vyembamba mno, kupiga picha kila kipande na kufuatisha nyuzi za neva picha baada ya picha.

Swali lililofuata lilikuwa: uzi wa neva unajuaje pa kwenda? Jibu mojawapo lilitoka kwa wale minyoo wenye mwendo mbovu. Walipochunguzwa, baadhi yao walikuwa na neva zilizopotea njia kwa kukosa protini inayotengenezwa na jeni liitwalo unc-6. Protini hiyo hufanya kazi kama kibao cha barabarani: huiambia neva ipande au ishuke. Katikati ya miaka ya 1990 ilibainika kwamba wanyama wenye uti wa mgongo, binadamu akiwemo, wanatumia protini za ukoo huohuo kuongoza neva za mtoto akiwa bado tumboni.

Uzee si kutu tu

Hadi miaka ya 1980 wengi waliuona uzee kama kutu ya gari kuukuu, jambo lisilo na mwendeshaji. Mnyoo alibadili mtazamo huo. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitangaza kwamba badiliko katika jeni moja tu, daf-2, huwafanya minyoo waishi zaidi ya mara mbili ya kawaida, tena wakitambaa kwa nguvu katika siku ambazo wenzao wameshakufa. Mwaka 1997 maabara ya Gary Ruvkun ilionyesha kwamba jeni hilo hutengeneza kipokezi kinachofanana na kile cha insulini kwa binadamu. Mwili, kumbe, una njia ya kupima chakula kilichopo na kuamua kasi ya kuzeeka.

Kuhusu neva zenyewe, mnyoo mzee alitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Seli zake za neva hazifi kwa wingi. Nyingi hubaki, lakini huanza kuota matawi yasiyotakiwa, na maungio yake hudhoofika. Mwendo hupungua kabla seli hazijatoweka. Hii ni hoja yenye uzito katika jamii ambamo mzee anayesahau majina ya wajukuu au kutangatanga usiku hushukiwa uchawi. Neva huchakaa kwa sababu za kimwili, na sababu hizo zinaweza kuchunguzwa.

Mpaka kati ya mnyoo na mtu

Hapa ndipo biashara inapoingia. Kila utafiti unapotangaza kwamba kemikali fulani imerefusha maisha ya mnyoo, haichukui muda kabla kemikali hiyo haijaonekana kwenye vichupa, ikiwa na picha ya mzee anayekimbia na maneno "imethibitishwa na wanasayansi". Maneno hayo yanaficha kwamba aliyethibitishiwa ni mnyoo.

Hata kwa mnyoo mwenyewe uthibitisho hauji kirahisi. Kuanzia mwaka 2013, mpango unaogharimiwa na Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani umezitaka maabara tatu kufanya jaribio lilelile, kwa utaratibu uleule. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kemikali 10 zilizojaribiwa kwa minyoo wa aina na asili mbalimbali. Baadhi zilirefusha maisha ya aina moja ya mnyoo na kushindwa kwa nyingine. Ikiwa kidonge kinashindwa kuvuka kutoka mnyoo hadi mnyoo, hakuna sababu ya kuamini kwamba kimeshavuka hadi kwa bibi wa Bujumbura au Kigoma.

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kurefusha maisha ya binadamu kwa kuzuia uzee. Kwa mfanyabiashara anayeletewa katoni ya vidonge vya namna hiyo, swali la kwanza si faida ni kiasi gani, bali vimesajiliwa wapi. Burundi kuna ABREMA, Tanzania TMDA, Uganda NDA, Rwanda kuna Rwanda FDA, Kenya kuna Bodi ya Dawa na Sumu, na Kongo ACOREP. Bidhaa iliyosajiliwa upande mmoja wa mpaka haihesabiki moja kwa moja kuwa halali upande wa pili. Shehena ikikamatwa, mtaji wote huenda na moto.

Kilichokwisha kuvuka

Ivermectin ina historia tofauti. Ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani aliyepatikana na Satoshi Omura, na kazi ya William Campbell katika kampuni ya Merck nchini Marekani. Wawili hao walipata Nobel mwaka 2015. Tangu 1987 Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya usubi, ugonjwa unaoletwa na mnyoo wa mviringo anayesambazwa na inzi weusi wadogo wa kwenye mito yenye maji ya kasi. Usubi huwasha ngozi na hatimaye hupofusha.

Mnyoo wa kwenye matunda hakuigundua dawa hiyo, lakini kupitia kwake ilijulikana inavyofanya kazi. Mwaka 1994 watafiti walitambua katika neva zake milango midogo ambayo ivermectin huifungua na kuiacha wazi, mnyoo akapooza. Binadamu hana milango ya aina hiyo, na kwa kipimo sahihi dawa haiingii kwa urahisi kwenye ubongo wake. Ndiyo maana inaweza kugawiwa kijiji kizima.

Umuhimu wake kwa kanda hii umeongezeka kwa sababu ya kifafa. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliwaeleza watoto wa Mahenge, Tanzania, ambao vichwa vyao vilikuwa vikianguka mbele kama vya watu wanaosinzia, kisha wengi wakapata kifafa. Hali kama hiyo ilikuja kuonekana kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum na Pader. Nchini Burundi, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha maeneo mawili na kuchunguza uhusiano kati ya usubi, kifafa na kudumaa. Tafiti zilizofuata, zikiwemo za Ituri mashariki mwa Kongo, zimeonyesha kwamba penye usubi mwingi usiotibiwa, kifafa cha watoto nacho ni kingi. Jinsi mnyoo wa usubi anavyoathiri ubongo unaokua bado inachunguzwa, lakini kinga inafahamika: kudhibiti inzi na kumeza ivermectin kila mwaka, kwa miaka mingi mfululizo, kwa kuwa dawa huua vijiminyoo vichanga na kumwacha mnyoo mzazi hai.

Bubanza na Cibitoke, wanakotoka wengi wanaoingia Bujumbura kwa njia za kaskazini, ni miongoni mwa maeneo ya Burundi yenye historia ya usubi. Mfanyabiashara ana udhaifu mmoja katika kampeni hizi: siku ya ugawaji yuko safarini. Akikosa mwaka huu na mwaka ujao, hubaki na vijiminyoo ambavyo inzi wa mto mwingine anaweza kuvisambaza. Anayeishi katika maeneo hayo anapaswa kumuuliza mhudumu wa afya wa jamii tarehe kabla ya kupanga safari, na akikosa aulize atapata wapi dozi yake. Dawa hiyo hupimwa kwa urefu wa mtu, haipewi wajawazito wala watoto wa chini ya miaka mitano, na katika sehemu za Kongo zenye mnyoo wa loa loa hutolewa kwa tahadhari maalumu. Dawa ya msaada haiuzwi, na anayeuziwa sokoni aikatae.

Kwa mtoto mwenye kifafa, ujumbe ni mfupi. Mate yake hayaambukizi. Anapoanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na apelekwe hospitali, kwa maana dawa za kutuliza kifafa zipo na za bei nafuu zipo.

Jiji la Bujumbura ndilo makao makuu ya Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, chombo cha nchi wanachama wa Jumuiya. Utafiti wa mnyoo huyu unahitaji darubini, visahani, bakteria na kijana mwenye subira, vitu ambavyo chuo kikuu cha kawaida cha kanda kinaweza kuvipata. Ugonjwa wa mtoni hausimami kwenye kituo cha forodha kuonyesha hati, na ujuzi wa kuukabili nao ungefaa upite mpakani kwa wepesi huohuo.