Magadi Hujirudisha, Maji Huletwa

Wageni wakifika Magadi hutaka kuonyeshwa ziwa la rangi ya waridi, kiwanda na reli. Mimi ni mwalimu wa kemia, mke wa fundi wa kiwandani, na mgeni wangu humpeleka kwanza kwenye bomba la maji. Pale ndipo utakapojua mgodi na wenyeji wake wanaishi vipi.

Ziwa lenyewe liko Kajiado, kilomita kama 120 kusini-magharibi mwa Nairobi, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Halina mto wa kudumu unaoingia, wala hakuna unaotoka. Chemchemi za moto kandokando humwaga maji yaliyojaa magadi, jua kali huyakausha, na chini hubaki tabaka gumu jeupe lenye kina cha makumi ya mita. Kinachochimbwa leo, chemchemi huanza kukirudisha polepole.

Chombo kinachoelea huvunja tabaka hilo na kulisaga. Rojo yake husukumwa kwa bomba hadi kiwandani, huoshwa, kisha huingia tanurini. Darasani huwapigia wanafunzi hesabu: kilo 10 za magadi ghafi, yakiwa safi, hutoa kama kilo 7 za magadi soda. Kilo 3 zilizosalia zimepaa zikiwa mvuke na hewa ukaa. Unga unaobaki unatafutwa sana na watengenezaji wa vioo, kwa kuwa mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi, lakini ukitiwa magadi soda huyeyuka mapema zaidi. Sabuni za unga nazo huuhitaji.

Kampuni ya magadi iliundwa mwaka 1911. Mwaka huohuo Wamaasai walitia saini mkataba wa pili na Waingereza, baada ya ule wa 1904, wakahamishwa kutoka Laikipia kuletwa kusini. Reli kutoka Konza ilifika ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tangu 2005 mgodi uko chini ya Tata Chemicals ya India.

Turudi kwenye bomba. Maji ya ziwa hayanyweki. Maji matamu hutoka kwenye mito inayoteremka miinuko ya Ngurumani, upande wa magharibi, na huletwa hadi mjini kwa ajili ya kiwanda na nyumba za wafanyakazi. Lakini bomba haliwezi kukatiza nchi ya wafugaji likapita kama mgeni asiyesalimia. Watu na ng'ombe huyategemea maji hayo. Huko juu Ngurumani, wakulima wa bamia na maembe nao humwagilia mashamba kwa mito hiyohiyo. Kiangazi kikikaza, kiwanda, mkulima na mfugaji wote hutazama chanzo kimoja.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama magadi hujirudisha, kwa nini wazee hulalamika?" Nikamrudishia swali: "Nyumbani kwenu mnateka maji wapi?" Darasa zima likacheka, maana jibu walilijua wote.

Sisemi mgodi hauna faida. Hospitali ya kampuni huwatibu hata wasio wafanyakazi wake, na mshahara mmoja hulisha boma zima. Ila ajira hubadilika. Kiwanda cha magadi safi zaidi kilifungwa mwaka 2014, na bidhaa yetu hushindana na ya Marekani na Uturuki, ambako hakuna anayelijua boma letu. Mvutano wa kodi ya ardhi kati ya kaunti na kampuni nao umefika mahakamani.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi penye madini. Barazani kila mtu huzungumzia hiyo 10. Ni haki yao na waidai. Hata hivyo, fedha hugawanywa zikaisha, na kamati hubadilika. Mimi ningeanza na maji: vituo vingapi vya kunyweshea mifugo, nani hulipa bomba likipasuka, kiangazi anahudumiwa nani kwanza, na kiwanda kikisimama bomba litakuwa la nani.

Mikataba ya 1904 na 1911 iliandikwa kwa Kiingereza, na waliotia alama zao walitegemea wakalimani. Makubaliano haya ya maji nayo yawe mkataba, uandikwe kwa Kimaasai na Kiswahili, usomwe barazani mbele ya akina mama wanaobeba mitungi, kisha nakala iletwe shuleni. Nitaufundisha sambamba na hesabu ya kilo 10 na kilo 7.