Nani mwenyeji, nani mgeni? Historia ya maeneo ya Kenya na haki ya kila mkaazi wa Kwale

Katika vijiji vya Msambweni na Lunga Lunga wako wazee wa Kimakonde ambao wazazi wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa na kuolewa hapa. Hata hivyo, kwa miongo mingi wengi wao hawakuwa na kitambulisho cha kitaifa. Bila kitambulisho, mtu hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura na haajiriwi kazi ya serikali. Akisimamishwa na polisi njiani, hana cha kuonyesha.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa miguu na kupeleka kilio chao kwa Rais. Iliagizwa wasajiliwe kabla ya mwisho wa mwaka huo, na mwaka wa 2017 wakawa jamii ya 43 kutambuliwa rasmi nchini Kenya. Watu walewale, katika nyumba zilezile, waliacha kuitwa wageni na wakawa raia wenye stakabadhi.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila mara neno "mgeni" linapotajwa barazani, kwenye foleni ya kazi au katika mikutano ya siasa. Nani aitwe mwenyeji na nani aitwe mgeni ni jambo ambalo kwa kiasi kikubwa liliamuliwa na sheria, mipaka na stakabadhi za zamani. Sheria za sasa zinampa kila mkaazi haki ambazo wengi bado hawajazifahamu.

Watu wa Kwale

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kaunti ya Kwale. Wadigo na Waduruma ndio wengi zaidi. Pamoja nao wanaishi Wakamba, ambao familia zao nyingi zilihamia skimu ya makaazi ya Shimba Hills, na Waswahili wa Vanga na Wasini. Wapo pia Wapemba wavuvi, Wamakonde, Waarabu, Wakenya wa asili ya Kihindi, na wafanyakazi wa hoteli na biashara za Diani na Ukunda waliotoka pande zote za nchi. Wapemba nao walisubiri kwa muda mrefu. Walitambuliwa rasmi kuwa miongoni mwa jamii za Kenya mwaka wa 2023.

Maeneo mengine ya Kenya yana mchanganyiko wake. Lakini swali la mwenyeji na mgeni haliulizwi kwa namna moja kila mahali, kwa sababu kila eneo lilipitia historia yake.

Pwani: asili na ardhi

Serikali ya kikoloni iliwagawa watu wa Pwani kwa asili. Mwarabu aliwekwa katika fungu la wasio wenyeji, naye Mswahili akawekwa katika fungu la wenyeji. Kila fungu lilikuwa na kodi na haki zake. Zipo familia zilizotumia miaka mingi kuiomba serikali izihamishe kutoka fungu moja hadi jingine, hata kama majirani hao walizungumza lugha moja na kuswali msikiti mmoja.

Pia kulikuwa na suala la ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa Pwani wathibitishe madai yao mbele ya maafisa. Waliokuwa na maandishi walinufaika. Jamii nyingi za Mijikenda, ambazo ardhi yao ilikuwa mali ya ukoo na haikuandikwa popote, zilibaki bila hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi waligeuka maskwota mahali walipozaliwa. Ndiyo maana Pwani swali la "wewe ni wa wapi?" hugeuka haraka kuwa swali la "shamba hili ni la nani?"

Nyanda za juu na Bonde la Ufa: mipaka ya makabila

Katika nyanda za juu, ardhi yenye rutuba ilitengewa walowezi Wazungu. Waafrika waliwekewa maeneo yao, kila kabila na mpaka wake, na mwanamume aliyetoka kutafuta kazi alilazimika kubeba kipande. Baada ya uhuru, baadhi ya mashamba ya walowezi yaligawanywa na kununuliwa na watu wa jamii mbalimbali. Majirani wapya walikutana pasipo mtu aliyewaeleza nani alihamishwa lini, na kwa nini. Huko malalamiko mengi yanahusu nani alifika kwanza na nani alinunua.

Reli na miji: makaazi kwa rangi

Kati ya 1896 na 1901 zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki. Pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walifungua maduka katika miji iliyochipuka kando ya reli. Jiji la Nairobi liligawanywa kwa rangi: Wazungu walikuwa na mitaa yao, Wahindi wakakaa Parklands na Ngara, nao Waafrika wakaelekezwa Pumwani. Rangi ya mtu iliamua shule, hospitali na mshahara wake. Sheria hizo ziliondoka zamani, lakini mazoea ya kuishi mbalimbali hayakuisha siku moja. Wakenya wa asili ya Kihindi walitambuliwa kuwa jamii ya 44 mwezi wa Julai 2017, zaidi ya karne moja baada ya reli kufika Kisumu.

Nairobi pia ndiko waliko Wanubi wa Kibra, wazao wa askari kutoka Sudan waliolitumikia jeshi la Uingereza. Vijana wao walihangaika kupata vitambulisho hadi kesi yao ikafika mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Mwaka wa 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi.

Kaskazini: raia waliokaguliwa mara mbili

Kaskazini mwa Kenya kulitawaliwa na wakoloni kama eneo lililofungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru eneo hilo liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Mwaka wa 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipitishwa katika ukaguzi maalumu na kupewa kadi ya ziada ya kuthibitisha uraia wao. Hata baadaye, kijana wa Wajir au Garissa aliyeomba kitambulisho alipita kwenye kamati ya msasa ambayo mwenzake wa Nyeri hakuijua. Februari 2025 ilitangazwa kwamba msasa huo wa ziada umeondolewa. Si ajabu kwamba huko mtu anayesafiri kwenda Nairobi huaga kwa kusema anakwenda Kenya.

Neno linapogeuka silaha

Kwale inajua gharama ya kuwagawa watu kwa asili. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikaenea hadi vijiji na masoko ya upande wa Kwale. Watu waliotoka bara waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa moto, na maelfu wakakimbia. Baadaye vijana wengi wa Pwani nao walikamatwa katika misako. Watalii waliacha kuja, hoteli zikafunga milango, na wafanyakazi wa hoteli wakarudi nyumbani mikono mitupu, wapwani na wabara pamoja. Mvuvi alikosa wa kumuuzia samaki. Hakuna jamii iliyotoka katika mwaka huo ikiwa na zaidi ya ilivyoingia nao.

Miaka kumi baadaye, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 katika maeneo mengi ya nchi. Baada ya msiba huo ndipo ilipotungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na tume ya kuisimamia ikaundwa.

Sheria inasema nini

Kaunti 47 za Kenya zimefuata mipaka ya wilaya za mwaka wa 1992, na nyingi ya wilaya hizo zilirithi mipaka ya kikoloni iliyochorwa kwa kabila. Kwa hivyo kaunti nyingi zina jamii moja iliyo kubwa kuliko nyingine. Ugatuzi umeleta huduma karibu na wananchi. Lakini bila ulinzi, ungeweza pia kumwacha jirani wa jamii ndogo nje ya mlango. Sheria zimeweka ulinzi ufuatao.

Kwanza, Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa aina yoyote, ukiwemo wa rangi, kabila, asili, dini, lugha na hata mavazi. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini, na Kifungu cha 40 kinampa haki ya kumiliki mali popote nchini.

Pili, Kifungu cha 174 kinataja ulinzi wa jamii ndogo na zilizotengwa kuwa miongoni mwa madhumuni ya ugatuzi.

Tatu, Sheria ya 2008 inasema kwamba hakuna taasisi ya umma inayopaswa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja.

Nne, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika sehemu ya 65, inaitaka bodi ya utumishi ya kaunti izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti husika.

Mfano ni huu. Kaunti ikitangaza nafasi 20 za kuanzia kazi, angalau nafasi 6 ziwaendee watu wa jamii nyingine. Sita ni kiwango cha chini. Waombaji wote bado wanatakiwa kuwa na sifa zilizotangazwa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kanuni hii haiwanyimi kazi vijana wa hapa? Sheria haisemi asilimia 30 iwaendee watu wa kaunti nyingine. Inasema iwaendee watu wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi. Kijana wa Kimakonde aliyezaliwa Msambweni, binti wa Kikamba wa Shimba Hills na Mpemba wa Vanga wote wamo ndani ya fungu hilo, na wote ni vijana wa hapa.

Wapwani wanafaidi nini? Kanuni hiyo inazihusu kaunti zote 47. Muuguzi Mdigo anayeomba kazi Nakuru, au mwalimu wa chekechea Mduruma anayeomba kazi Machakos, anakuwa katika jamii ndogo ya huko. Asilimia 30 ya kule ni mlango wake.

Je, matusi ya kikabila au ya rangi ni kosa? Matamshi, maandishi au picha zinazotisha au kutukana, zenye nia ya kuchochea chuki dhidi ya watu kwa sababu ya rangi au kabila lao, ni kosa la jinai. Adhabu ya matamshi ya chuki ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ujumbe wa simu na wa mitandao ya kijamii nao unahesabiwa.

Mkaazi afanye nini akibaguliwa?

Aandike tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi mapema, kabla hajasahau. Ahifadhi barua, tangazo la kazi au ujumbe wa simu unaohusika. Ikiwa jambo linahusu ajira ya kaunti, aanze kwa kuiandikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na kuomba maelezo. Asiporidhika, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, au Tume ya Haki ya Utawala. Uchochezi unaoweza kuleta ghasia uripotiwe kwa polisi au chifu mara moja.

Aidha, wazazi wanahimizwa kusajili kila mtoto anapozaliwa, na vijana waliotimiza miaka 18 kuomba kitambulisho bila kukawia. Wamakonde walijifunza kwa taabu kwamba haki isiyo na stakabadhi ni ngumu kuidai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mababu wa Wamakonde walipewa jembe katika mashamba ya mkonge karibu miaka tisini iliyopita, na wajukuu wao hawajaliweka chini. Katika kaunti hii, vivyo hivyo, wapo Wakamba, Waarabu, Wahindi na wengine waliokwisha kulima, kuvua, kujenga na kuzika wazee wao hapa. Mwombaji kazi atakapofika dirishani, anachopaswa kuulizwa ni kama ana sifa zinazotakiwa. Jina la babu yake halimo katika fomu.