Waya mwekundu unaenda wapi? Kufunga traka kwenye boda bila kuua betri

Jumatatu asubuhi, karibu kila steji ya Kayole au Umoja, kuna pikipiki moja inasukumwa. Mwenyewe ameshapiga kiki mpaka mguu umechoka. Stata inalia tk-tk-tk halafu kimya. Ukimuuliza, atakwambia betri imezeeka, na huenda ni kweli. Lakini kama alifungiwa traka majuzi na Jumapili hakutoka kazini, kuna swali la kumuuliza kabla hajaenda kununua betri nyingine: waya mwekundu wa hiyo traka uliunganishwa wapi?

Unaweza kushangaa mbona sisi watu wa malipo ya simu tunaongea habari ya nyaya. Sababu ni rahisi. Wengi wenu Eastlands mnalipia pikipiki kwa mkopo, kidogo kidogo kila siku, kupitia simu. Siku nduthi haijawaka, malipo ya siku hiyo hayangoji. Na ikiibwa kabla mkopo haujaisha, unaweza kujikuta unalipia pikipiki ambayo mtu mwingine anaiendesha. Traka iliyofungwa vizuri inasaidia kwa hilo la pili. Iliyofungwa vibaya inakuletea hilo la kwanza, na siku ya wizi inaweza kuwa imezima.

Traka ni kifaa kidogo chenye kazi mbili. Kwanza inasikiliza setilaiti za GPS zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu ili ijue iko wapi. (Huduma hii ni ya Marekani, na mpaka Mei 2000 walikuwa wakiichafua makusudi kwa watumiaji wa kawaida, ikikosea hata mita 100.) Pili, inatumia laini ya simu iliyo ndani yake kukutumia mahali hapo kwa SMS au intaneti. Setilaiti hazikujui wala hazikutafuti. Kama laini haina bando, traka inajua iko wapi lakini haiwezi kukwambia. Na kama haina moto, haijui wala haisemi. Nyingi zina kibetri chao cha ndani, ila ni cha saa chache tu, cha kuisaidia pale mwizi anapokata waya.

Kwa hivyo moto lazima utoke kwa betri ya pikipiki. Betri nyingi za boda ni za volti 12, na ubavuni zimeandikwa 5Ah, 7Ah au 9Ah. Chukua ile ndogo ya 5Ah. Maana yake ni kwamba inaweza kutoa ampia moja kwa saa tano, au miliampia 50 kwa saa 100. Traka ya bei rahisi isiyolala si ajabu ikavuta miliampia 60 mchana na usiku. Gawanya: saa 83. Lakini stata haitangoja betri iishe kabisa. Ikifika nusu hivi, na hasa kama si mpya, inaanza kukataa. Hiyo ni kama saa 41. Sasa hesabu kutoka Jumamosi saa kumi na mbili jioni ulipoegesha hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi: saa 36. Unaona vile Jumapili moja ya kupumzika inakukaribisha na kusukuma?

Traka hiyo hiyo ikilala vizuri inaweza kushuka hadi miliampia 5 au chini. Nusu ya betri yako sasa inakaa siku 20. Tofauti yote hiyo mara nyingi iko kwa waya mmoja ambao mafundi wengi wanauacha ukining'inia.

Fungua boksi la traka na utakuta nyaya tatu au nne. Mwekundu ni wa kuingiza moto. Mweusi ni wa hasi. Kuna mwingine, kawaida wa rangi ya chungwa au manjano, wa kuiambia traka kama ufunguo umewashwa. Wa nne, kama upo, ni wa kuzima injini, na tutaufikia. Hapo ndipo fundi anakwambia, "Boss, hii ya manjano haina kazi, wacha tukate." Mwambie, kwa heshima, "Hapana fundi, iunganishe." Traka nyingi hutumia waya huo kujua wakati wa kulala. Bila huo, zingine zinadhani uko barabarani siku nzima.

Halafu kuna njia ya mkato ya pili. Ili betri isiishe, fundi anapeleka waya mwekundu kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa tu. Betri itapona, kweli. Lakini pikipiki haiibiwi ukiwa umeikalia na ufunguo umewashwa. Mara nyingi inaibiwa usiku kwa ploti, imezimwa, na hapo traka yako iko gizani pamoja nayo. Inabaki na kile kibetri cha ndani, na mwizi akishaivusha Kangundo Road saa tisa usiku, saa chache hizo zinaweza kuwa zimeisha kabla hujaamka.

Basi jibu la swali letu ni hili. Waya mwekundu uende moja kwa moja kwa chanya ya betri, ukipitia fyuzi. Mweusi uende kwa hasi ya betri, au kwa chuma cha fremu kilichokwanguliwa rangi na kutu. Ule wa manjano uende kwa waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa. Kazi ikianza, fundi afungue hasi ya betri kwanza, na airudishe mwisho.

Fyuzi iwe ndogo, ya ampia 1 au 2, na iwe karibu na betri, si kule mwisho karibu na traka. Barabara zetu unazijua. Waya unasuguana na fremu kila shimo, mwaka mzima, mpaka siku moja plastiki inaisha na shaba inagusa chuma. Kama fyuzi iko karibu na betri, inakatika na mambo yanaishia hapo. Kama haiko, waya unapata moto mpaka unayeyuka, na huo waya mara nyingi umepitishwa chini ya tangi la petroli. Fyuzi ni shilingi chache. Hii si sehemu ya kubana pesa.

Wala usikubali kuunganishiwa kwa kukwangua, kusokota na kuzungushia tepu. Mvua ya Aprili itaingia hapo, na Juni traka itaanza kupotea na kurudi hujui kwa nini. Omba waya uchomelewe kwa risasi, uvishwe mpira unaobana kwa joto, ufungwe pamoja na nyaya zingine mbali na ekzosi. Na fundi apime kwa mita, asiangalie rangi tu. Pikipiki ikishapita mikononi mwa mafundi watatu, rangi za nyaya hazimaanishi chochote tena.

Ukiona mita iko hapo, mwambie apime betri pia. Ikiwa imejaa na injini imezima utaona kama volti 12.6. Injini ikinguruma inafaa ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, pikipiki haichaji betri na unasingizia traka bure. Ikipita 15, regyuleta ina shida, na itaua betri na traka pamoja. (Wewe wa pikipiki ya umeme, haya si yako: betri kubwa yake ina volti nyingi zaidi ya 12, na mwenye kuigusa awe ni kampuni iliyokupa.)

Sasa ule waya wa kuzima injini. Unafanya kazi na relei, kiboksi kidogo kinachokata moto wa injini ukituma amri kwa simu. Wengi wanaupenda, na ukweli ni kwamba unaweza kuokoa pikipiki. Lakini fikiria injini ikizimwa ghafla katikati ya Outer Ring Road, lori liko nyuma. Aliyekalia pikipiki anaweza kuwa mwizi, na anaweza pia kuwa kijana wako uliyemwachia afanye skwadi ya jioni. Uliza kama traka yako husubiri mwendo upungue kabla ya kuzima. Nyingi zina mpangilio huo. Na relei ifungwe kwa namna kwamba ikiharibika au ikikosa moto, pikipiki inaendelea kuwaka kama kawaida. Fundi asiyeweza kukueleza hilo, mwambie aache huo waya, afunge mingine.

Mahali pa kuificha pia kuna maneno. Chini ya kiti au nyuma ya plastiki ya pembeni, uso wake ukiangalia juu. Ukiibana chini ya tangi la chuma, setilaiti haiisikii vizuri. Hata ikiwa mahali pazuri, kumbuka kwamba penye uwazi GPS hukosea mita chache tu, lakini kati ya magorofa yaliyobanana kama ya Pipeline, mawimbi yanagonga kuta na ile nukta kwa simu inaweza kuangukia ploti ya jirani. Tunasema hivi kwa sababu tunajua vile habari ya wizi inavyokusanya boda za steji nzima kwa dakika tano. Nukta si shahidi. Kuna mtu asiyejua lolote nyuma ya ule mlango. Piga ripoti kituo cha polisi, chukua nambari ya OB, na uende pale nukta inapoonyesha ukiwa na afisa.

Kama pikipiki bado ni ya mkopo, kwa mfano wa Watu au Mogo, kwa kawaida imekuja na traka yao tayari. Hata kama unashuku ndiyo inakula betri, usiikate wala usimpe fundi wa mtaani aiguse. Kwao itaonekana kama unataka kutoroka na pikipiki, na mkataba wako pengine unasema hivyo. Wapigie, uwaambie betri inakufa usiku, uombe waje waipime. Una haki pia ya kuuliza wanaweka habari gani kuhusu mahali unapoenda na kwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki hiyo.

Imebaki laini iliyo ndani ya traka, na hapa sasa ni kwetu. Isajiliwe kwa jina lako, si la fundi wala la muuzaji. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiifungulie akaunti ya pesa. Laini inayolala chini ya kiti usiku kucha haifai kuwa na shilingi yako. Weka ukumbusho kwa simu wa kununua bando kila mwezi. Na ubadilishe neno la siri la traka siku hiyo hiyo, kwa sababu nyingi hutoka kiwandani na 123456 au 0000, na yeyote anayejua nambari ya laini anaweza kuiuliza uko wapi. Usitumie PIN yako ya pesa kama neno la siri la traka, maana fundi ataijua.

Na pikipiki ikipotea ukaweka picha na nambari yako kwa Facebook, jiandae kupigiwa simu. "Mkubwa, nduthi yako tuko nayo hapa Mlolongo, tuma 3,000 ya mafuta tukuletee." Kabla ya kutuma chochote, fungua traka uone kama kweli iko Mlolongo. Muulize alama ambayo haiko kwa picha. Kama ulishatuma na umeanza kuwa na shaka, pigia huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kabla hajafika kwa ajenti.