KUFUNDISHA SAYANSI YA MPIRA KWA MIKONO YA WANAFUNZI

Katika mazoezi ya kufundisha wilayani Karagwe na Kyerwa, tumesikia mwanafunzi akiuliza: "Mwalimu, tyubu na tairi la baiskeli vyote ni mpira, mbona kimoja hunyumbuka na kingine ni kigumu?" Akajibiwa, "Ndivyo vilivyotengenezwa." Jibu hilo halimfundishi kitu, nalo humzoesha kutouliza tena.

Tairi huimarishwa kwa nyuzi, lakini sababu kubwa imo pia katika mchanganyiko. Mpira mbichi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, huacha tabia hiyo. Viwandani, kama kilivyokuwa kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, vipimo huhesabiwa kwa uzito kwa kila sehemu 100 za mpira. Sehemu 1 hadi 3 za salfa hutoa mpira unaonyumbuka. Zikizidi 30 hupatikana eboniti, iliyo ngumu kama mbao. Uso wa tairi huongezewa masizi ya kaboni, yapata sehemu 50, ili usilike upesi.

Zamani tulianza kwa kuandika maelezo hayo ubaoni. Wanafunzi waliyanakili vizuri, ila hawakuweza kuyaeleza. Sasa twaanzia uwanjani:

1. Wanafunzi 12 wajipange safu mbili sambamba, wakielekea upande mmoja. Kila mmoja amshike bega aliye mbele yake kwa mkono wa nje. Mkono wa ndani ubaki huru. Kila safu ni molekuli ndefu ya mpira.

2. Safu moja itembee. Itaiacha nyingine bila kizuizi: huo ni mpira mbichi.

3. Jozi mbili zishikane mikono ya ndani. Safu itasogea kidogo, kisha itavutwa nyuma: huo ni mpira unaonyumbuka.

4. Jozi zote zishikane. Safu haisogei: hiyo ni eboniti.

Ndipo tuulize: "Mikono iliyoshikana ni nini?" Wataigundua salfa wenyewe.

Tahadhari: mpira usichomwe darasani kamwe, kwani moshi wake una sumu.

Somo hili halihitaji maabara. Lahitaji mwalimu anayelipokea swali la mtoto kama mwanzo wa somo, si kama usumbufu.